Uzi wa Nne

Katonga nzima, mwambao wa Kigoma, ilimjua Anatoli kwa jina la Kompoza, na watu walikuwa tayari kuapa kwamba jina hilo alijipa mwenyewe. Kila mgeni aliyesikia gitaa lake kwa mara ya kwanza aliuliza swali lile lile: imekuwaje gitaa moja lilie kama mawili? Anatoli hakuacha kupiga. Aliinua kidevu tu, akajibu, "Mi kompoze," na hapo hakuongeza neno. Watu wakacheka wakigongana mabega. Walishaona Wakongo wenye majivuno, lakini huyu alikuwa na ya kwake peke yake: mi, kompoza. Mimi ndiye mtunzi, mengine waulizeni wengine. Wavuvi wakalichukua jina, wachuuzi wa dagaa wakalipokea kwa wavuvi, na mwisho likamfikia mkewe Angela, Muha wa Simbo ambaye hakuwa na kawaida ya kumbembeleza mtu.

"Haya, Kompoza," alikuwa akimwambia asubuhi, "ndoo ile pale. Maji hayatungwi, yanachotwa."

Na Kompoza alicheka, akatundika gitaa ukutani, akachukua ndoo.

Gitaa hilo alivuka nalo ziwa mwaka wa tisini na sita, vita vilipofika Baraka, mji wao ng'ambo ya Tanganyika. Wenzake kwenye boti walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba gitaa ndani ya kiroba cha unga, na aliyemcheka alijibiwa kwamba sufuria zinauzwa hata Kigoma. Dada yake Agnesi alipelekwa kambini Nyarugusu na wanawe. Yeye alibaki mwambao, akaoa, akapata binti mmoja, Elida. Na tangu hapo kila Mkongo aliyeondoka Kigoma, awe anarudi kwao kwa sababu redio imesema kuna amani, awe amepata nafasi ya kwenda kuanza maisha ughaibuni, aliondoka na gitaa la Anatoli masikioni. Alikuwa na wimbo mmoja kwa kazi hiyo tu. Haukuwa na maneno, na watu waliuita Msindikizo. Ulianza polepole, kama mtu anayefunga mizigo huku anatazama nyuma. Ukifika katikati ulibadilika, ukaanza kuruka, na aliyekuwa analia alishtukia miguu yake inacheza bila ruhusa.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kushoto ukalala, na ulimi nao ukalala. Katika Kibembe chake chote, Kiswahili chake chote na kile Kifaransa cha shule alichopenda kukionyesha, likabaki neno moja. Akitaka maji alisema, "Mi." Akitaka kugeuzwa upande alisema, "Mi."

"Mnaona?" Angela aliwaambia waliokuja kumjulia hali. "Ugonjwa umemnyang'anya kila kitu, umemwachia umimi wake."

Alisema hivyo akicheka, halafu akaingia ndani haraka, na wageni wakatazama chini.

Gitaa likakaa ukutani mpaka mwaka ule ambao Warundi walikuwa wanamiminika tena na kambi zimefurika, na Wakongo wa zamani wanaitwa makundi kwa makundi kupelekwa Marekani. Siku moja Agnesi alipiga simu kutoka Nyarugusu. Jina lake limetoka. Ameomba kibali cha kuja Katonga mchana mmoja kumuaga kaka yake, na atakuja mwezi ujao.

"Mpe kaka simu nimsikie," alisema.

Angela akamwekea Anatoli simu sikioni. Anatoli akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Mi." Simu ilipomrudia Elida, sauti ya shangazi yake ilikuwa imebadilika.

"Mwanangu, watu wote wa kwetu wamesindikizwa na gitaa la baba yako. Majirani zangu wote kambini. Hata waliokuwa hawampendi. Sasa imefika zamu yangu, na mimi ndiye dada yake, niondoke kimya kama mzigo?"

Elida hakujua neno lilitoka wapi. "Utasindikizwa, Shangazi."

"Na nani?" Angela aliuliza Elida alipokata simu.

"Na mimi."

"Wewe umewahi kulishika hilo gitaa zaidi ya kulipangusa vumbi?"

Hakuwahi. Lakini wimbo aliujua. Alilelewa ndani yake, angeweza kuuimba kwa midomo toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea hata kona moja. Na alijua jambo lingine ambalo mama yake pia alilijua na hawakulisema: Msindikizo haukurekodiwa popote. Ulikuwa ndani ya vidole vya mkono uliokufa, na ndani ya kichwa chake yeye. Asipoutoa, utaondoka na baba yake.

Elida alikuwa fundi wa kushona, mwenye cherehani ya miguu kwenye baraza ya duka la vitambaa Mwanga, Kigoma mjini. Baraza ya jirani ilikuwa ya Shadia, aliyekuwa anaingiza nyimbo kwenye simu za watu na kuuza vocha. Walikuwa marafiki wa kuchapana maneno tangu darasa la kwanza.

"Nataka mwalimu wa gitaa," Elida alimwambia.

"Tupo wawili. Na mimi nataka mume mwenye boti."

"Sitanii, Shadia."

Shadia akamtazama, akaacha utani, akaandika kwa Kiingereza chake cha sekondari: masomo ya gitaa kwa wanaoanza, bure. Simu ikafikiri kidogo. Kisha ikafunguka kama mlango wa ghala.

Neno bure watu wa Mwanga hawaliamini. Ukiwaambia kitu ni bure, wanashika mifuko yao kwanza. Elida naye alikaa siku nzima akingoja ile sehemu ambayo mwenye mali atajitokeza. Hakujitokeza. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu mwenye sweta lililotoboka kiwiko, amekaa kwenye kiti jikoni kwake, anafundisha gitaa tangu namna ya kulikalisha pajani. Masomo yake yalipangwa moja baada ya jingine kama vitambaa kwenye rafu. Hakuwa na haraka. Kila alipomaliza jambo alirudia, halafu akarudia tena polepole, akiuleta mkono karibu na kamera mpaka unaona kucha zake. Elida hakuelewa Kiingereza chake chote, ila yale maneno machache ya mwisho wa kila somo aliyaelewa, kwa kuwa mzee aliyasema kila mara: kama leo imekataa, kesho rudi, mimi nipo hapa. Na kweli, ukibonyeza, yupo. Hanuni. Haulizi jana ulikuwa wapi.

Fikiria jambo hilo. Mtu ambaye hajawahi kusikia neno Katonga, asiyejua dagaa wala mgebuka, amekaa upande wa pili wa dunia akamfundisha binti wa Anatoli kama amemzaa. Wapo watu wana elimu, wakikuonyesha kidogo wanataka uwabebee mkoba mwaka mzima. Huyu aliimwaga njiani aokote anayetaka.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa na ukurasa wenye michoro ya nyuzi sita na vidoti vinavyoonyesha kidole kiende wapi. Kulikuwa na programu ndogo ya kutyuni: unapiga uzi, inasikiliza, inakuambia kwa rangi kama umelegea au umekaza mno. Kulikuwa na namna ya kuipunguza video mwendo hata vidole vikatembea kama kinyonga. Shadia alizishusha zote mapema asubuhi mtandao ukiwa mwepesi, akaziweka kwenye kadi ya simu ya Elida. Tangu hapo Elida akawa anashona huku simu imeegemea mkebe wa vifungo. Kulikuwa hata na programu ya kugonga mdundo, tik, tik, tik, ili mpigaji asikimbie, lakini hiyo hakuihitaji. Mguu wake ulikuwa umegonga mdundo kwenye pedeli ya cherehani kwa miaka. Alishona mikunjo ya sketi kwa mwendo wa taratibu na mapindo ya shuka kwa mwendo wa haraka, na kichwani mkono wa kushoto ulikuwa unabadilisha vidole.

Nyumbani alishika gitaa lenyewe. Wiki ya kwanza ncha za vidole zilivimba. Wiki ya pili zikawa ngumu.

"Nimeshajua kodi tatu," alimwambia mama yake kwa fahari.

"Kodi tatu?" Angela alikuwa anapepeta mchele. "Sisi ya nyumba moja tu inatutoa jasho."

"Kodi za gitaa, Mama. Nyuzi zikishikwa pamoja."

"Basi mwambie mwenye nyumba akija azishike pamoja."

Anatoli, kwenye kigoda chake mlangoni, mabega yalimtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aanguke. Elida alikiona kicheko kile, na usingizini akakiota.

Tatizo lilikuwa uzi wa nne.

Mzee wa sweta alihesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba wa chini, na alisema uzi wa nne ni mnene, umesokotewa waya, sauti yake nzito. Gitaa la Anatoli lilikuwa na uzi mnene wa sita na wa tano kama alivyosema, lakini wa nne ulikuwa mwembamba kama wa kwanza. Waya mtupu. Elida alipoufungulia programu ya kutyuni, ikawaka nyekundu: juu mno. Akaulegeza. Bado juu. Akaulegeza mpaka rangi ikawa kijani, na kufikia hapo uzi ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, hautoi sauti, unapiga mbao tu.

Akalibeba gitaa mpaka kwa Wilfred. Wilfred alitengeneza redio Mwanga na kupiga gitaa la kwaya Jumapili, na nyuzi zilipatikana kwake tu. Alilitazama lile gitaa, akagusa uzi wa nne kwa kucha, akacheka puani.

"Huu ni uzi wa kwanza umewekwa kwa wa nne."

"Kwa nini?"

"Kwa nini tena? Mzee alikosa uzi, akaweka aliokuwa nao. Ukimbizi huo, dada. Mtu anafunga viatu kwa kamba ya katani, sembuse gitaa."

Maneno hayo yalimwingia Elida kama sindano chini ya ukucha. Hakukasirika kwa sababu ni uongo. Alikasirika kwa sababu aliona ni kweli. Akamwona baba yake kijana, ametoka kwenye boti, anatafuta uzi mji mzima asiupate, anafunga kile kilichopo, na miaka yote ile anapigia watu gitaa bovu na wao hawajui. Akanunua seti nzima mpya. Akamwambia Wilfred afunge zote, kuanzia wa kwanza mpaka wa sita, kila mmoja mahali pake kama alivyosema mwalimu.

Ule waya mwembamba wa zamani aliurudisha nyumbani, na Angela akaona una kazi. Ulikuwa mzuri sana kwa kukatia mche wa sabuni.

Sasa programu iliwaka kijani kwa nyuzi zote sita. Elida akaanza kuutafuta Msindikizo, noti moja moja, kama mtu anayeokota shanga gizani, na kwa msaada wa yale masomo ya bure akajua pa kuweka mkono: mahali hapa mzee alipaeleza kwenye somo la vidole viwili, mahali pale kwenye somo la kuruka nyuzi. Siku zikaenda. Wimbo ukakamilika. Alikaa mbele ya kigoda cha baba yake saa za alasiri, akapiga toka mwanzo hadi mwisho, hakukosea hata mara moja.

Alipoinua macho, Anatoli alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

"Baba?"

"Mi," Anatoli alisema.

"Anataka apige yeye," Angela alisema kutoka uani. "Mpe."

Elida akamwekea gitaa mapajani. Anatoli akalisukuma kwa mkono mzima, karibu lianguke. "Mi," alisema tena, sasa kwa hasira. Akaukamata uzi wa nne kwa vidole viwili, akauvuta kama anayeng'oa jani bovu. "Mi. Mi." Kisha akachukua kidole cha Elida, akakiweka juu ya uzi wa kwanza, akakihamisha mpaka wa nne, akakirudisha wa kwanza, akakihamisha tena wa nne.

"Nipige hivi?" Elida aliuliza, akapiga wa kwanza na wa nne kwa pamoja.

Anatoli alifumba macho, na chozi moja likapita kwenye upande wa uso uliokuwa hausikii.

Siku ile Elida hakupiga tena. Alijua kwamba kila noti ilikuwa mahali pake. Alijua pia, ingawa hakutaka kukubali, kwamba baba yake alikuwa na haki. Noti zilikuwa za Msindikizo, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeimba amefunika mdomo kwa blanketi. Ile hali ya gitaa moja kulia kama mawili haikuwepo. Akarudia masomo. Akapunguza mwendo, akaongeza, akakaza, akalegeza. Mzee wa sweta alimwambia kwa upole uleule kwamba kesho arudi, yeye yupo. Kwa mara ya kwanza upole ule haukumsaidia. Shangazi Agnesi alikuwa anakuja Jumamosi.

"Labda sauti ya mtu haishonwi upya," alimwambia Shadia barazani. "Labda ilikuwa ya mkono wake tu."

"Mkono gani, shosti. Umemuuliza vizuri huyo mwalimu wako?"

"Yeye anafundisha gitaa la kwao."

Shadia akaacha vocha alizokuwa anahesabu. Akamtazama kama aliyeonyeshwa kitu kilichokuwa mezani siku zote. "Kwani sisi tulitafuta kwa lugha gani?"

Walikuwa wametafuta kwa Kiingereza. Tangu siku ya kwanza, Kiingereza. Haikuwajia kabisa, wote wawili, kwamba mtandao unaweza kuwa na mtu anayejua Kiswahili na gitaa pamoja. Shadia akaandika kwa lugha aliyozaliwa nayo: jifunze gitaa la Kikongo.

Zikaja chache. Moja ilikuwa ya mwanamume wa makamo, amevaa koti zito ndani ya nyumba, na kwenye dirisha nyuma yake theluji inaanguka. Juu ya jiko palikuwa na sufuria na mwiko wa ugali umelazwa juu yake. Waliomtazama hawakufika hata abiria wa basi moja. Lakini alikaa mbele ya kamera kwa heshima zote, kama aliyealikwa ikulu.

"Karibuni, ndugu zangu," alisema kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, kile kile cha Anatoli. "Mimi sitaki pesa ya mtu. Wazee walinipa bure, na mimi naogopa kufa nayo huku kwenye baridi. Tuhesabu kamba. Hii ni mi, hii si, hii sol, hii re, hii la, hii tena mi."

Mguu wa Elida ukasimama juu ya pedeli.

"Rudisha," alisema.

Shadia akarudisha. Hii ni mi. Kidole cha yule bwana kilikuwa juu ya uzi wa kwanza, mwembamba.

"Sasa tazameni hii re," bwana yule akaendelea. "Ni nene. Wazee wa kwetu walikuwa wanaitosha." Kutosha: baba yake alisema hivyo siku zote kwa maana ya kutoa, na watu wa Katonga walimcheka. "Wanaitosha, wanaweka mi ingine nyembamba hapo kwa kamba ya ine, wanairegeza kidogo tu, inakuwa re ya juu, kama mtoto anaimba pamoja na baba yake. Ndiyo sababu gitaa moja inalia kama mbili. Na mtu akikuuliza hii ni nini, usione haya. Unamujibu jina lake: mi kompoze."

Kisha akapiga. Na pale kwenye baraza ya Mwanga, katikati ya vitambaa na kelele za soko, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, Elida akaisikia sauti ya ukuta wa kwao.

Shadia alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Kwa hiyo mzee hakuwa anajisifu?"

"Alikuwa anajibu swali," Elida alisema.

Miaka yote ile walimuuliza, naye akawajibu, na wao wakacheka. Na waya aliouona Wilfred kuwa umaskini, waya aliouona yeye mwenyewe, binti yake, kuwa umaskini na akauonea aibu, ulikuwa umekaa pale kwa makusudi, na kijana mwenye kiroba cha unga alivuka nao ziwa wakati wengine wanaokoa sufuria. Ukimbizi haukufunga uzi ule. Baba yake aliufunga.

Alikimbia mpaka kwa Wilfred bila kufunga cherehani.

"Nataka uzi wa kwanza."

"Umeukata tayari?"

"Sijaukata. Nauweka kwa wa nne."

Wilfred akaacha redio aliyokuwa anaifungua. "Dada, si nimekutengenezea? Unarudi kwenye ukimbizi?"

"Ndiyo," Elida alisema. "Narudi. Njoo Jumamosi usikie unavyolia."

Nyumbani alikaa chini mbele ya kigoda. Akaufungua uzi mnene wa nne, akautoa wote, akauweka sakafuni, na macho ya Anatoli yakaufuata mpaka ulipotua. Akatoa ule mwembamba kwenye karatasi. Anatoli akanyoosha shingo. Elida akaufunga, akaanza kuukaza, na programu ya kutyuni ikawaka nyekundu: juu mno. Hakuwa na ugomvi nayo. Ilimfundisha mengi, na bila hiyo na mzee wa sweta asingejua hata pa kuanzia. Ila Baraka ilikuwa haijafika. Akaizima, akakaza kwa sikio huku anamtazama baba yake usoni: kidogo, kidogo tena, mpaka nyusi za Anatoli zikashuka na pumzi ikamtoka.

"Mi," Anatoli alisema kwa sauti ndogo.

"Mi kompoze, Baba," Elida alisema.

Mkono mzima wa Anatoli ukamshika kichwa, ukakaa hapo muda mrefu. Angela, aliyekuwa amesimama na mche wa sabuni, akatazama waya wa kukatia sabuni, akautazama uzi wa nne, akauliza taratibu kama kuna mtu anaweza kumweleza ni nini kinaendelea ndani ya nyumba yake.

Agnesi alikuja Jumamosi mchana kwa gari la abiria kutoka Kasulu, na kibali chake kikamtaka awe amerudi jioni. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vya kufunga ambavyo hakuvizoea. Alipiga magoti mbele ya kaka yake, wakashikana, wakalia kidogo, wakala wali na mgebuka, wakatazamana. Waliongea kwa namna yao: Agnesi akisema, Anatoli akijibu "mi" kwa sauti tofauti tofauti. Walikuja majirani, akaja Shadia na mdomo wake wote. Wilfred alisimama mbali kidogo, mikono kifuani, kama mtu aliyepita tu.

Ulipofika wakati, Agnesi akainuka, akachukua mkoba. Alitazama tu ukutani, mahali palipokuwa na gitaa, akaona hapana kitu.

Elida alikuwa tayari amekaa kwenye kizingiti, nalo liko pajani.

Alianza polepole. Noti ya kwanza ya uzi wa nne ilipotoka, Agnesi alisimama kama aliyeitwa jina lake la utotoni. Gitaa moja lililia kama mawili. Baba mzito chini, mtoto juu, wanafunga mizigo pamoja, wanatazama nyuma pamoja. Agnesi akatembea kuelekea barabarani na majirani wakamfuata, na Elida akainuka akipiga, akamfuata na yeye, gitaa limening'inia shingoni kwa mkanda aliojishonea. Ulipofika katikati wimbo ukageuka, ukaanza kuruka, na viatu vipya vya Agnesi vikajua vilinunuliwa kwa kazi gani. Alicheza mpaka mlango wa gari. Alicheza huku machozi yanamchuruzika hadi kidevuni. Wilfred alikuwa amesogea bila kujua, anamtazama Elida vidole, hasa kile kilichokuwa kwenye uzi wa nne, midomo yake inahesabu.

Gari likaondoka na muziki ukiwa haujaisha. Ndivyo Anatoli alivyokuwa anafanya: hakuwahi kumaliza Msindikizo kabla mtu hajapotea kwenye kona.

Elida aliporudi, jasho linamtiririka, baba yake alikuwa bado kwenye kigoda. Mkono wa kulia ulikuwa unagonga pembe ya kigoda, ule mdundo wa katikati, ule wa kuruka. Haukuwa umekosea hata pigo moja. Elida akachuchumaa mbele yake.

"Baba, ulikuwa hivyo?"

Anatoli akaacha kugonga. Akafungua mdomo, ukakataa, akaufungua tena. Ilionekana kama mtu anayesukuma mlango uliobanwa na kitu kizito kwa ndani. Akainua kidole, akamwekea Elida kifuani.

"We," alisema.

Shadia alikuwa wa kwanza kukimbilia kufuta macho na ushungi. Angela alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamtazama mumewe, akamtazama binti yake, midomo yake ikicheza namna ile ya mtu anayetafuta kitu cha kusema kitakachomzuia kulia. Kisha akakipata.

"Haya, Kompoza," akamwambia Elida. "Ndoo ile pale."